Mti wa Shimba Hills na Dawa ya Saratani ya Matiti

Leo nawaletea historia ya mti mmoja wa ukanda wetu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Maramba. Siku moja nilikuwa nampima mama mmoja gauni la harusi ya mwanawe. Futi kamba ilipopita kifuani, alishtuka kwa maumivu. Alikuwa na uvimbe kwenye ziwa, na kwa miezi kadhaa alikuwa akinywa mizizi ya kuchemsha. Nilipomwambia aende hospitali akanijibu, "Mwanangu, hata hizo dawa za Wazungu zinatoka kwenye miti yetu." Sikuwa na la kusema. Nilikuja kutafuta baadaye, nikakuta amesema kweli, ila ni nusu ya kweli.

Ukitoka huku kwetu ukavuka Horohoro na Lungalunga, unafika Kwale, kwenye msitu wa Shimba Hills. Huko ni kwa Wadigo, na Wadigo hao hao wapo huku Mkinga pia. Mpaka waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, lakini udugu na miti haikugawanyika. Katika msitu huo kuna mti ambao wataalamu waliuita Maytenus buchananii, na wazee wa Kidigo waliutumia kutibu uvimbe na vidonda vibaya.

Mwaka 1972 mtaalamu wa kemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kuwa wamepata kemikali kali sana kutoka mti wa jamii hiyo uliochumwa Ethiopia. Wakaiita maytansini. Ilikuwa inaua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno.

Inauaje? Nieleze kifundi. Seli ikitaka kugawanyika kuwa mbili, ndani yake hutengeneza nyuzi nyembamba za kuvuta vitu vyake, nusu huku na nusu kule. Maytansini inazuia nyuzi hizo zisisokotwe. Seli inakwama katikati ya kazi, haiwezi kurudi wala kuendelea, mwisho inajiua yenyewe. Kila seli ya mwili Mwenyezi Mungu ameiwekea njia ya kujimaliza ikiharibika. Saratani ni seli zilizokataa kufa, na kemikali hii huzirudisha kwenye njia ile.

Tatizo lilikuwa upatikanaji. Tani nzima ya mti mkavu hutoa gramu chache tu. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichukua zaidi ya tani 27 za mti huu kutoka Shimba Hills. Miti mikubwa ilikatwa karibu yote. Walipohitaji mingine miaka minne baadaye, wakusanyaji walipata taabu, kwa sababu msitu haukuwa umechipua vya kutosha. Na Wadigo, waliokuwa wakiujua mti huo kabla ya maabara yoyote, hawakulipwa kitu.

Basi dawa ikajaribiwa kwa wagonjwa. Matokeo yalivunja moyo. Maytansini haichagui, maana seli nzima nazo hugawanyika kwa nyuzi hizo hizo. Wagonjwa walitapika, wakaharisha, wengine wakadhurika ini na mishipa ya fahamu, na uvimbe kwa wengi haukupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yakaachwa. Hiyo ndiyo nusu ya pili, ambayo yule mama hakuambiwa: kilichomo mtini kilikuwa sumu kwa saratani, na sumu kwa mgonjwa pia.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 kupata namna ya kuituma. Watafiti waliibadili kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili kiitwacho trastuzumab, ambacho hutafuta protini ya HER2. Protini hiyo hujaa kwenye baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili hushika seli yenye HER2 nyingi, humezwa na seli hiyo, na sumu hufunguliwa humo ndani. Februari 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Kadcyla, kwa wanawake wenye saratani ya aina hiyo iliyokwisha kusambaa. Ina madhara yake bado, lakini imewaongezea wengi umri. Na miti haikatwi tena kwa ajili yake. Mwaka 1977 watafiti wa Japani waligundua kuwa kuna bakteria wanaotengeneza kemikali ya jamii hiyo, na sasa huvundikwa kiwandani.

Dada zangu, Mtume wetu (SAW) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, na ametuhimiza tujitibu. Sioni hapo ruhusa ya kukaa na uvimbe mwaka mzima kwa sababu mti ni wa kwetu. Sufuria ya jikoni haiwezi kupima miligramu, wala haijui seli ipi ni mgonjwa na ipi ni nzima. Tuwaheshimu wazee kwa walichokijua, na tudai wenye misitu wapate haki yao. Lakini ukikuta uvimbe, ngozi ya ziwa imebonyea, au chuchu inatoa maji au damu, nenda kapimwe wiki hiyo hiyo. Unguja kuna Mnazi Mmoja, Tanga kuna Bombo, na Dar es Salaam kuna Ocean Road.

Yule mama nilimsindikiza mwenyewe hadi Tanga. Gauni lake nililimaliza, akalivaa harusini, na sasa anaendelea na matibabu. Tumuombee shifaa, yeye na wote wenye mtihani huu. Amin.