Katiba ya Tanzania na mikataba ya kimataifa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ndiyo sheria kuu ya nchi, na mkataba wa kimataifa hauwi sheria ya ndani kwa kutiwa saini tu. Serikali husaini, Bunge huridhia kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e), kisha hutungwa sheria ya kuupa mkataba nguvu mahakamani. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hukawia. Mkataba wa Haki za Mtoto uliridhiwa mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ikapitishwa mwaka 2009, wakati aliyezaliwa mwaka wa kuridhiwa alikuwa anatimiza miaka 18 na kuacha kuwa mtoto. Kenya ilichukua njia ya mkato: Ibara ya 2(6) ya Katiba yake ya 2010 inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi.

Majaji wa Tanzania hawakungoja Bunge kila mara. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilisikiliza shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alidai kuwa kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliisoma Katiba sambamba na mikataba ambayo nchi ilikwisha kuiridhia, ukiwemo ule wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, akaikataa mila hiyo. Hapo mkataba uliisaidia Katiba.

Kazi ni pale mkataba unapogongana na Katiba yenyewe, na mfano wake mkubwa ni suala la mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya kudai haki hiyo Mahakama Kuu mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba kufunga mlango. Akashinda tena 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kuwa sharti la kudhaminiwa na chama linavunja Mkataba wa Afrika, ingawa limeandikwa kwenye Katiba. Kwa sheria ya kimataifa hilo si ajabu: Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 hairuhusu dola kujitetea kwa sheria zake za ndani, na kwa jicho hilo Katiba nayo ni sheria ya ndani.

Hukumu hiyo, hata hivyo, haifuti hata neno moja la Katiba. Kazi hiyo ni ya Bunge, kwa angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulifanyika bila mgombea binafsi. Mtikila alifariki Oktoba 2015. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako Arusha.