Tofali Lisiloyeyuka

Wasikilizaji wetu, aliyepata kuchoma matofali ajua ya kuwa moto ukizidi mno, tofali hulainika, likapinda, likashikamana na jirani yake. Leo twataka kuzungumza habari za matofali yaliyofanywa makusudi yastahimili moto, maana pasipo hayo pasingekuwa na reli wala daraja la feleji.

Wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walitumia udongo wa kichuguu katika matanuri yao, kwa kuwa walijua ni mvumilivu wa moto. Waingereza nao walikuwa na udongo wao wa Stourbridge. Lakini feleji haiyeyuki mpaka moto ukaribie nyuzi 1,500 za sentigredi, na hapo udongo mwingi hulegea. Mwaka 1822 William Weston Young, huko Wales, alitengeneza tofali kwa mawe ya Dinas, ambayo karibu yote ni silika, kitu kile kile cha mchanga mweupe, akayagandamanisha kwa chokaa kidogo. Silika huvumilia mpaka nyuzi 1,700 hivi.

Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, kikageuka feleji kwa dakika chache. Vyombo vya kazi hiyo vilitandikwa silika ndani. Lakini chuma chenye fosforasi kilitoka na fosforasi yake yote, na feleji yake ikavunjika kama kigae. Nchi za Ulaya zilikuwa na milima mizima ya mawe ya chuma ya namna hiyo, nayo haikufaa kwa kazi hii.

Sababu yake ni hii. Fosforasi ikiungua hugeuka asidi, na asidi hutulizwa na chokaa, kama magadi yatulizavyo ukali wa ndimu. Silika nayo ni ya ukoo wa asidi. Ukitia chokaa katika chombo cha silika, chokaa huanza kula ukuta. Basi dawa ilikuwa kubadili ukuta wenyewe.

Aliyeigundua dawa hiyo hakuwa mhunzi. Sidney Gilchrist Thomas alizaliwa mwaka 1850. Baba yake alipokufa aliacha masomo, akafundisha shule miezi michache (nasi walimu twalikumbuka hilo kwa furaha), kisha akawa karani wa mahakama ya polisi huko London kwa mshahara mdogo. Mchana aliandika kesi za walevi na wezi. Usiku alisoma kemia. Binamu yake, Percy Gilchrist, alikuwa mkemia katika kiwanda cha chuma cha Blaenavon, Wales, naye akamfanyia majaribio. Walitandika chombo mawe ya chokaa yenye magnesia, yaitwayo dolomaiti, yaliyochomwa sana, kisha wakatia chokaa pamoja na chuma. Fosforasi ikashikwa.

Mwaka 1878 Thomas alisimama mbele ya mkutano wa mabwana wa chuma, akawaambia amefaulu. Hawakumjali. Mwaka uliofuata jambo lilionyeshwa waziwazi katika kiwanda kikubwa cha Middlesbrough, na mara wenye viwanda wa Ubelgiji na Ujerumani wakaja kuinunua ruhusa. Lakini kazi za usiku zilikuwa zimemwharibu mapafu. Alisafiri kutafuta hewa nzuri, asipone. Akafa Paris mwaka 1885, umri wake miaka 34.

Hata leo matanuri makubwa ya feleji hujengwa ndani kwa matofali ya magnesia yaliyochanganywa na kaboni, ndugu wa yale ya Thomas. Na yale mavi ya chuma yaliyobaki chomboni, yenye chokaa na fosforasi, hayakutupwa: yalisagwa yakawa unga mweusi, wakulima wa Ulaya wakaununua kwa magunia, wakaumwaga mashambani kuwa mbolea.