Tender Mercies: Makubwa Yasiyoonyeshwa

Darasani tumezoeshwa kuutafuta mgogoro kwanza. Hebu basi mhakiki aitazame Tender Mercies, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1983, tuone atakavyohangaika! Mac Sledge, mwimbaji wa muziki wa kantri aliyemalizwa na pombe, anaamka katika moteli ya mjane Rosa Lee huko Texas, hana pesa. Anafanya kazi kulipa deni, anaacha ulevi, wanaoana. Harusi hatuioni. Ajali inayomuua binti yake nayo hatuioni.

Wapo watakaosema huo ni udhaifu wa fani. Mimi nakataa. Mwandishi Horton Foote, mzaliwa wa Texas, alikomaa katika tamthilia, akajua kwamba tukio kubwa laweza kukaa pembeni. Mwongozaji Bruce Beresford, Mwaustralia, aliiacha nchi ile tambarare ijieleze yenyewe. Robert Duvall aliimba mwenyewe nyimbo za Mac.

Tuchukue wimbo wa njiwa. Binti anamuuliza baba kama anaukumbuka, maana alimwimbia utotoni. Baba anasema hapana. Binti akishaondoka, Mac anasimama dirishani anauimba peke yake. Toba yote imo humo: deni analijua, kulilipa anaogopa. Na binti ndiyo hivyo tena, hatarudi.

Mwaka 1984 Foote na Duvall walipewa Oscar. Sawa, lakini hoja si tuzo. Kuokoka hakukumkinga Mac na msiba. Filamu inaishia akirushiana mpira na mtoto wa Rosa Lee. Jamani, kama huo si mgogoro, mgogoro ni nini?