Waya una mwenyewe: kutoka Dar es Salaam ya 1914 hadi intaneti yako

Hebu jiulize: ukimtumia mwenzako barua pepe, naye anakaa mtaa wa pili, hiyo barua inapita wapi kabla ya kumfikia? Wengi tutajibu kwamba inakwenda moja kwa moja. Inaweza kweli kwenda moja kwa moja, na inaweza pia kuvuka bahari ikarudi. Wewe njia huioni, unaona tu kwamba imefika.

Swali hilo ndilo kiini cha mjadala wa mamlaka ya kidijitali ya taifa, ule unaosema seva zijengwe nyumbani na data za raia zisitoke nje. Tunaujadili kana kwamba umezaliwa na intaneti. Kumbe una zaidi ya miaka mia, na sura yake moja iliandikwa kwa mizinga Dar es Salaam.

Ardhi yangu, waya wako

Mwaka 1879 mkongo wa telegrafu wa kampuni ya Kiingereza ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Durban. Wajerumani walipokuja kuitawala nchi ambayo baadaye ingeitwa Tanganyika, walijenga bandari, reli na maofisi. Lakini telegramu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Berlin ilibidi ivuke kwanza hadi Zanzibar, kisha ipite kwenye waya wa Mwingereza. Wakati wa amani hilo halikumsumbua mtu. Unalipa, telegramu inafika, basi.

Berlin waliliona tatizo. Wakaanza kujenga mitambo ya simu ya upepo, yaani redio, isiyohitaji waya: mtambo mkubwa Nauen karibu na Berlin, mwingine Kamina nchini Togo, na kituo Dar es Salaam. Wazo lilikuwa zuri, ila lilichelewa.

Uingereza iliingia vitani usiku wa tarehe 4 Agosti 1914. Alfajiri iliyofuata, meli iitwayo Alert ilifika kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, ikaikata mikongo mitano ya Wajerumani. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Shabaha yake? Kituo cha simu ya upepo. Kamina nako, usiku wa kuamkia tarehe 25, Wajerumani waliulipua mtambo wao wenyewe ili usiangukie mikononi mwa adui. Kwa hiyo vita vya Afrika Mashariki vilipoanza, mawasiliano yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kulengwa.

Kukatwa, na kusomwa

Waya ukikatwa, unajua siku hiyohiyo. Lakini ukisikilizwa je?

Januari 1917 Arthur Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alituma ujumbe wa siri Mexico: Marekani ikiingia vitani, Mexico iungane na Ujerumani, nayo itasaidiwa kurudisha Texas, New Mexico na Arizona. Mikongo yao ilikuwa imeshakatwa, sasa aupitishe wapi? Marekani, ambayo bado haikuwa na upande, ilikuwa imewaruhusu Wajerumani kutumia njia yake ya kibalozi kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Njia hiyo ilipita London, na London kulikuwa na Room 40, kikosi cha jeshi la majini cha kuvunja misimbo. Ujumbe ukasomwa. Tarehe 1 Machi magazeti ya Marekani yaliuchapisha, na tarehe 6 Aprili Marekani ikatangaza vita.

Sasa angalia vizuri. Waliochunguliwa si Wajerumani peke yao. Ili kuupata ujumbe ule, Waingereza walikuwa wanachungulia njia ya Marekani, rafiki yao. Mwenye waya hachagui wa kumsoma kwa kuangalia urafiki.

Na sisi je?

Mkongo wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024 yote miwili iliharibika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Hakuhitajika adui wala meli ya vita.

Unaweza kusema dawa ni taifa kumiliki kila kitu. Subiri kwanza, sikia ya Nairobi. Kabla ya mwaka 2000, wateja wa kampuni mbili za intaneti mjini humo wakiandikiana, data zao zilipanda kwenye setilaiti hadi ng'ambo, kisha zikarudi. Setilaiti za aina hiyo ziko kama kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga, na jibu bado!

Novemba 2000 kampuni hizo shindani zikafungua KIXP, mahali pa kukutanisha mitandao yao hapohapo Nairobi. Haikupita muda, mdhibiti akaamuru pafungwe. Aliyelalamika hakuwa mgeni. Ilikuwa Telkom Kenya, shirika la taifa, lililosema haki yake ya kipekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa imevunjwa. KIXP ilirudi kazini Februari 2002.

Kwa hiyo bendera iliyo juu ya jengo la seva haitoshi. Seva iliyo nyumbani lakini ina njia moja tu ya kutokea, na ufunguo wa data zake uko kwa mwingine, haina tofauti na Dar es Salaam ya Wajerumani. Kinachotuokoa na kukatwa ni njia nyingi, na mitandao ya ndani kukutana ndani. Kinachotuokoa na kusomwa ni usimbaji fiche, ambapo ufunguo wanao wanaowasiliana tu. Huo unamzuia jasusi wa nje, na unamzuia mchunguliaji wa ndani pia. Ndiyo maana si kila serikali inayohubiri mamlaka ya kidijitali inaupenda.

Usiishie kutuamini sisi. Fungua kompyuta yako, andika tracert kama unatumia Windows, au traceroute kwenye Linux, kisha jina la tovuti ya chuo chako au benki yako. Utaona orodha ya vituo ambavyo data zako zimepitia. Hesabu vingapi viko nchini mwako.