Msifu Mvua Imemnyea: Historia ya Shangwe za Kabla ya Wakati

Agosti 2022, Uwanja wa Liti, mjini Singida. Singida Big Stars imepanda Ligi Kuu msimu huohuo na sasa inawatambulisha wachezaji wake katika tamasha la Singida Big Day. Jina linatajwa, mchezaji anaingia akipunga mkono, na uwanja mzima unainuka kwa vigelegele, miluzi na vuvuzela. Mchezaji huyo hajaifungia klabu hata bao moja. Wengi wanaomshangilia hawajawahi kumwona akigusa mpira.

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, Juni 2019, mwigizaji Keanu Reeves alipanda jukwaani mjini Los Angeles kutangaza gemu iitwayo Cyberpunk 2077. Shabiki mmoja akapaza sauti kumsifu, naye Reeves akairudisha sifa hiyo kwa shabiki na kwa ukumbi wote. Watu wakapagawa. Gemu yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja na nusu kufika madukani.

Wapo wanaowaona watu wa namna hii kuwa wamezidisha, iwe Marekani au Singida. Mimi naona katika kelele hizo historia ndefu, na ndani ya historia hiyo naona deni.

Tuanze na wazee wetu. Singida ni nchi ya ukame yenye msimu mmoja wa mvua, na huko methali ya msifu mvua imemnyea haihitaji kufafanuliwa. Sifa hufuata tone. Vigelegele vya kale vilikuwa habari kabla ya kuwa burudani. Vilipopasuka kwenye nyumba ya mama aliyekuwa na uchungu, jirani shambani alijua mtoto amezaliwa salama. Vilipopigwa kwenye mavuno ya mtama na uwele, ghala lilikuwa na kitu. Miongoni mwa Wanyisanzu, ambao mtemi wao alihusishwa na mvua, heshima na wajibu vilitembea pamoja: aliyetukuzwa kwa ajili ya mvua ndiye aliyeulizwa mbingu zilipofunga. Watu walisifu walichokiona, na aliyepokea sifa alijua anadaiwa nini.

Hata jina la uwanja wenyewe, uliokuwa ukiitwa Namfua, lina somo hilo. Liti, katika simulizi za Wanyaturu, ni mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Alitenda kwanza, na jina likamfuata baada ya vizazi.

Ukoloni ulileta shangwe ya aina nyingine. Ngoma ya beni ilizuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikashuka Tanganyika na kusambaa bara pamoja na askari, makarani na wasafiri. Pande mbili, Marini na Arinoti, zilishindana kwa sare, vyeo na matarumbeta. Hapa mtu hakushangilia tena mavuno wala mtoto. Alishangilia upande wake, na alishangilia kwa nguvu zaidi akijua upande wa pili unamsikia. Ushabiki kama tunavyoujua leo, wenye rangi na watani, ulikuwa umezaliwa.

Kisha ikaja siasa. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Bibi Titi Mohamed akaenda kuwatafuta wanawake kwenye vikundi vya ngoma, wakiwemo wachezaji wa lelemama, kwa sababu huko kulikuwa na watu waliokwisha kujipanga na sauti zilizokwisha kuzoeana. Vigelegele vilivyotangaza mtoto sasa vilitangaza nchi ambayo haijazaliwa. Kwa zaidi ya miaka 7 watu walishangilia ahadi, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilipopanda, ahadi ikawa kitu cha kuonekana kwa macho.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 shangwe zilipata miguu. Watu walitembea mamia ya kilomita kuunga mkono maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi, na kijana Seth Benjamin alifia njiani. Kila ninaposikia mtu akisema kushangilia ni jambo jepesi, namkumbuka kijana huyo. Kuna shangwe iliyogharimu uhai, na aliyeiamsha anaibeba mpaka mwisho.

Urithi wote huo, wa beni na wa mikutano ya hadhara, uliingia kwenye soka. Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936, lakini sherehe ya kutambulisha kikosi ni mtoto wa juzi: Simba Day ilianza 2009, Wiki ya Mwananchi ya Yanga 2019. Siku hizo Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, hujaa watu waliokuja hasa kusikia majina. Msemaji wa klabu ameichukua nafasi ya manju: anavuta neno, ananyamaza, anawaacha watu wahangaike, kisha anaachia. Singida Big Day ilifuata njia hiyohiyo.

Tusidhani kwamba kila kelele katika historia ilitoka moyoni. Kaisari Nero wa Roma alipopenda kuimba jukwaani, alikusanya vijana 5,000 wakafundishwa mitindo ya kupiga makofi, na viongozi wao wakalipwa. Mjini Paris, mwaka 1820, ilifunguliwa ofisi iliyouza shangwe kwa kumbi za maigizo: kulikuwa na wa kucheka, wa kulia, na wa kudai wimbo urudiwe. Miaka ya 1950 Mmarekani Charles Douglass alitengeneza mashine ya kuweka vicheko kwenye vipindi vya televisheni. Na sisi leo tuna neno letu, chawa, kwa anayesifu ili ale. Shangwe ya kununuliwa ipo popote penye mtu mwenye fedha na hofu ya ukimya.

Kwa hiyo maonyesho ya gemu yalipoanza, shaka nayo ilikuwepo, maana kampuni zimezoea kuwaketisha wafanyakazi wao na mashabiki wateule katikati ya waandishi. Lakini tazama watu walishangilia nini. Katika maonyesho ya kwanza ya E3, Los Angeles, Mei 1995, kampuni ya Sega ilitangaza kuuza mashine yake ya gemu kwa dola 399. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, akashuka. Makofi yakamsindikiza. Walishangilia bei, kama mama sokoni anavyofurahia debe la mahindi lililoshuka.

Mwaka 2013 ukumbi ulilipuka tena Sony iliposema diski za PlayStation 4 zitaweza kuazimwa na kuuzwa tena bila kizuizi. Hilo lilituhusu kuliko wengi wanavyojua. Vibanda vya gemu vya miji yetu, ambako watoto hulipia mechi moja moja huku wenzao wakipiga kelele nyuma ya kiti, vimesimama juu ya mashine na diski za mitumba. Watu wa Los Angeles walishangilia haki ambayo mtoto wa mkoani anaitegemea. Na mwaka 2015, ilipotangazwa kuwa Shenmue III itatengenezwa, waliopiga mayowe walikuwa watu wazima waliosubiri mwendelezo wa hadithi hiyo tangu 2001. Mtu aliyengoja miaka 14 ana haki ya kupiga yowe.

Tatizo la shangwe za kabla ya wakati, basi, liko kwa anayezipokea. Ahadi ni deni, na ukumbi ukishapaza sauti, deni hilo lina mashahidi. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba baada ya siku chache Sony iliiondoa kwenye duka lake na kuahidi kuwarudishia wateja fedha. Watengenezaji walitumia miaka kuirekebisha. The Last Guardian, iliyotangazwa 2009, ilifika mikononi mwa watu Desemba 2016.

Singida tunalijua deni hili. Mwaka 2017 Singida United iliingia Ligi Kuu kwa kishindo, ikiwa na kocha Hans van der Pluijm aliyewahi kuinoa Yanga, na wachezaji wa kigeni. Juni 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Mwaka 2020 ilishuka daraja. Kisha likaja jina la Big Stars, likaja Fountain Gate, na 2024 likaja Black Stars. Ndani ya miaka 7 shabiki wa Singida aliombwa ashangilie majina manne. Alishangilia yote. Sijui kama kuna uvumilivu unaozidi huo.

Mwaka 2020 janga la korona lilifunga kumbi, na kampuni zikatangaza gemu zao kwa video zilizorekodiwa, bila mtu wa kupiga kelele. Matangazo yalifika, lakini hapakuwa na aliyeyapokea kwa sauti. Desemba 2023 waandaaji wa E3 walitangaza kuifunga moja kwa moja. Shangwe zenyewe hazikufa. Zilihamia maonyesho mengine, kwa sababu mtu aliyengoja kwa muda mrefu hataki kusikia habari njema akiwa peke yake.

Septemba 2025 Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam. Kwa makaratasi haikuwa timu ile ya Agosti 2022, lakini kwa aliyeketi jukwaani Liti, mji ni uleule na koo ni lileile lililokauka kwa kushangilia wageni. Safari hii kulikuwa na kombe la kushikwa kwa mikono miwili. Watu wa Singida walikuwa wameisifu mvua kwa miaka, mawingu yakipita juu yao yakienda kunyesha kwingine. Siku hiyo iliwanyea.