Ruhusa za faili

Ruhusa za faili ni kanuni ambazo mfumo wa uendeshaji wa kompyuta hutumia kuamua ni nani anayeweza kusoma, kubadilisha au kuendesha faili fulani. Zina umuhimu mkubwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia watu wengi. Mpangilio unaoelezwa hapa ni wa Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Linux, inayoendesha seva nyingi za leo, inafuata mpangilio huohuo.

Mmiliki, kikundi na wengine

Kila faili ina mmiliki mmoja na kikundi kimoja. Watumiaji waliobaki huitwa wengine. Kila upande hupewa ruhusa ya kusoma (4), kuandika (2) na kuendesha (1), kisha thamani hizo hujumlishwa. Hivyo 640 maana yake mmiliki anasoma na kuandika, wanakikundi wanasoma tu, na wengine hawapati kitu. Mtumiaji mkuu, anayeitwa root, hazuiwi na tarakimu hizi.

Mfano wa shule

Tuseme shule ya sekondari wilayani Same ina seva moja inayotumiwa na walimu na wanafunzi. Mwalimu wa taaluma anamiliki faili ya alama, kikundi chake ni "walimu" na ruhusa ni 640. Mwanafunzi hawezi kuifungua. Je, alama ziko salama? Si lazima. Kufuta faili au kuibadilisha jina hakutegemei ruhusa za faili yenyewe bali za folda iliyomo, kwa kuwa orodha ya majina hutunzwa na folda. Folda ikiwa na 777, yaani kila mtu anaruhusiwa kila kitu, mwanafunzi mwenye akaunti anaweza kuifuta faili asiyoweza hata kuisoma, kisha akaweka nyingine yenye jina lilelile. Mmiliki wa faili mpya ataonekana kuwa ni yeye, lakini ni wachache wanaoangalia. Folda hiyo ingefaa kuwa 750: walimu wanaingia na kusoma, mwalimu wa taaluma peke yake anaongeza na kufuta.

Wakazi wa Milima ya Upare wanaujua mgawanyo wa namna hii kwenye ndiva, bwawa la maji ya mfereji: kuwa na zamu ya kumwagilia si sawa na kuwa msimamizi wa ndiva.

Folda ya pamoja

Walimu wakitaka kuandika pamoja, folda hupewa 2770. Tarakimu 2 ya mwanzo hufanya faili mpya zirithi kikundi cha folda. Bila hiyo, faili hubeba kikundi cha aliyeiunda. Aidha, kipimo kiitwacho umask kikiwa 002 wenzake wataweza kuiandika. Kikiwa 022 wataisoma tu. Hapa ndipo wasimamizi wengi huchoka na kuweka 777.

Mtu huongezwa kikundini kwa amri `usermod -aG`. Herufi a ikisahaulika, huondolewa katika vikundi vyake vingine vya ziada. Uanachama mpya huanza kufanya kazi akiingia upya.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta au kufuta data kinyume cha sheria.