Mtoto anapojifunza sarakasi za kubinuka hewani: mambo ya kujua mama na mlezi

Dar es Salaam utawaona vijana wakivaa viatu vya matairi, wakaruka na kujipindua hewani. Huku delta ya Rufiji lami hatuna, ila mchezo ni uleule. Watoto hufukia tairi kuukuu nusu kwenye mchanga, hukimbia, hulikanyaga na kubinuka. Wengine hujirusha majini kutoka kwenye gati, mtumbwi au mti ulioinamia mto.

Akina mama huniuliza kama wawakataze. Mimi sishauri hivyo. Ukimkataza nyumbani, ataruka mahali usipomwona. Afadhali ujue anaangukia wapi, na ufanye nini akianguka vibaya.

Kwenye mchanga

Asianze kwa kubinuka nyuma. Kwanza ajifunze kubingirika chini, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani, akitua kwa bega na mgongo, siyo kwa kichwa. Mchanga uchimbuliwe kwa jembe kila wanapocheza, kwa sababu mchanga uliokanyagwa huwa mgumu kama sakafu. Visiki vya mikoko na magamba ya chaza yaondolewe.

Kwenye maji

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mtoto hupazoea mahali, lakini maji hubadilika. Nyinyi mnajua bamvua na maji mafu kuliko mimi: maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mahali palipojaa saa kumi jioni leo, wiki ijayo saa hiyohiyo maji yatakuwa yamepwa. Maji yetu ni ya tope, kwa hiyo kina hakionekani kwa macho. Mtoto akiingia kwa kichwa na kugonga chini, shingo inaweza kuvunjika na akapooza mikono na miguu maisha yake yote.

Sheria ya nyumbani iwe moja: kabla ya kuruka, mtu ashuke taratibu apime kina kwa miguu, na mruko wa kwanza uwe wa miguu, si wa kichwa. (Habari ya mamba sina haja ya kuwafundisha watu wa Rufiji.)

Akiumia shingo

Akisema shingo inauma, au hahisi mikono au miguu, usimkalishe na usimbebe kwa kumshika mikono na miguu. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike. Watu watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo na kumweka juu ya ubao au mlango. Alale hivyo mpaka hospitali, hata ndani ya boti. Akiwa bado majini kifudifudi, mgeuzeni haraka apumue, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja.

Akivunjika mkono

Anayeanguka hunyoosha mkono kujizuia, hivyo kiwiko na kifundo huumia sana. Usichue wala usivute. Weka kipande cha boksi gumu chini ya mkono, funga kwa kitambaa bila kukaza, ning'iniza kwa kanga shingoni.

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka 9 aliyefungwa magango ya mianzi kwa siku nne. Vidole vilikuwa vimevimba, baridi, na havisikii. Damu ilikuwa haipiti. Bibi yake alidhani kilio cha usiku ni cha mfupa kuunga. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, legeza kitambaa papo hapo na uanze safari.

Akigonga kichwa

Mwangalie kwa siku mbili. Mpeleke haraka akitapika zaidi ya mara moja, akipoteza fahamu, akiwa na degedege, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachozidi kuuma, au majimaji yakitoka puani au masikioni.

Usingoje asubuhi. Maji yakipwa usiku, boti haitoki, na kutoka visiwani hadi Nyamisati, kisha Kibiti, ni safari ndefu. Muulize nahodha saa ya maji mapema, hata kama mtoto bado anaongea vizuri.

Kidonda chochote chenye tope kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha muulize mhudumu wa zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Na aliyevunjika mkono asirudi kwenye tairi siku anayofunguliwa plasta. Mfupa huo bado ni dhaifu, asubiri mpaka daktari amruhusu.